Nyonyo: mafuta ni dawa, punje ni sumu

Juzi sokoni Majengo, hapa Dodoma, mama mmoja aliniuliza kama ni kweli ukitafuna punje mbichi za nyonyo hushiki mimba. Mimi ni mfamasia na mimea ya dawa ndiyo kazi yangu. Nilimsihi asitie hata moja mdomoni.

Ndani ya punje hiyo mna protini iitwayo risini, jina alilolitoa mwanasayansi Hermann Stillmark mwaka 1888. Ina vipande viwili vilivyoshikamana. Kimoja hunasa kwenye sukari zilizo juu ya seli, kama mbigili unavyonasa kwenye nguo, kikampa mwenzake njia ya kuingia. Yule wa pili akishaingia huharibu ribosomu, mahali seli inapotengenezea protini zake. Molekuli moja yaweza kuharibu ribosomu zaidi ya 1,000 kwa dakika. Matapishi na kuhara damu huja saa kadhaa baadaye, mtu akidhani yu salama, na dawa ya kuizima risini haipo.

Sasa mtazame bibi yangu kule Mpwapwa. Alizikaanga punje, akazitwanga kinuni, akazichemsha kwa maji muda mrefu, ndipo akaengua mafuta yaliyoelea. Mashudu aliyafukia mbuzi wasiyafikie. Risini haiyeyuki kwenye mafuta. Hubaki kwenye maji na mashudu, na maji yanayochemka huiharibu, kama ute wa yai unavyoganda. Kila hatua yake ilikuwa na sababu! Mafuta yale tulipakwa ngozini, na tumbo likifunga tulinyweshwa kidogo. Mjamzito alinyimwa, na ilikuwa haki, kwani huweza kuamsha uchungu wa uzazi. Anayeruka moto na maji akabaki na punje mbichi hafuati tiba ya wazee.

Tipitipi, mmea utambaao, nayo ni hivyohivyo. Majani yake ni matamu, watu huyatafuna kwa kikohozi. Lakini zile punje nyekundu zenye jicho jeusi zina sumu iitwayo abrini, kali kuliko risini. Ganda lake gumu huifungia sumu ndani. Ukilitoboa upitishe uzi wa shanga, umeifungulia mlango. Msiwavishe watoto shanga hizo. Mtoto akitafuna, msingoje atapike: mpelekeni hospitali mara moja, pamoja na punje zilizobaki ili daktari azione.