Kurudia mtihani wa cheti cha usalama wa mtandao: dhana potofu na ukweli

Watahiniwa wanaonijia baada ya kufeli mtihani wa usalama wa mtandao huanza karibu wote kwa maneno yaleyale: “Nilikosa kidogo tu, nitaongeza maswali ya mazoezi mpaka nifikie asilimia 90, kisha nitarudia.” Nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba nimeamua kuyajibu kwa maandishi, pamoja na mengine machache yanayoandamana nayo. Hilo la maswali ya mazoezi litachukua nafasi kubwa kuliko mengine, kwa kuwa kwa uzoefu wangu ndilo linalowafelisha watu mara ya pili.

“Nilikosa kidogo tu”

Mtihani wa Security+, cheti cha msingi cha usalama wa mtandao kinachotolewa na shirika la CompTIA, hufauliwa kwa alama 750 katika skeli inayoanzia 100 hadi 900. Aliyepata 738 huhesabu pengo la alama 12 na kuamua kwamba swali moja ndilo lililomwangusha. Skeli hiyo haianzi sifuri, si asilimia, na wala si idadi ya maswali. Tena ndani yake yamo maswali ya vitendo, ambayo mtahiniwa hutakiwa kupanga au kusanidi kitu badala ya kuchagua herufi. Mitihani ya CISA (ukaguzi wa mifumo) na CISM (usimamizi wa usalama) nayo hutumia skeli yake, ya 200 hadi 800, na kufaulu ni 450. Hakuna hesabu ya nyumbani inayoweza kugeuza alama hizo kuwa idadi ya maswali yaliyokosewa. Aliyepata 738 ajiandae kama mtu aliyefeli.

“Nikifikia asilimia 90 kwenye mazoezi, niko tayari”

Hapa ndipo ninapoishiwa na subira. Asilimia ya mazoezi ina maana pale tu maswali yanapoonekana kwa mara ya kwanza. Swali likijirudia mara ya tatu, akili hailitatui tena bali hulitambua: hukumbuka maneno ya mwanzo, hukumbuka kwamba jibu lilikuwa lile refu la chini, na mkono hulichagua kabla macho hayajamaliza kusoma. Alama hupanda kila mzunguko na mtahiniwa hufurahi, kumbe kinachopimwa si maarifa yake ya usalama tena bali jinsi alivyoizoea benki moja ya maswali.

Chukua mfano wa saini ya kidijitali, ambapo kila mtu ana funguo mbili: wa umma, anaoweza kumpa yeyote, na binafsi, anaobaki nao mwenyewe. Benki inauliza: Asha amemtumia Baraka ujumbe wenye saini, Baraka atumie ufunguo gani kuithibitisha? Jibu ni ufunguo wa umma wa Asha, na mtahiniwa wangu hulitaja hata akiamshwa usiku wa manane. Katika mtihani swali laweza kugeuzwa: Asha anataka kumtumia Baraka ujumbe ambao Baraka peke yake ndiye ataweza kuusoma. Machaguo ni yaleyale manne, yaani ufunguo wa umma na ufunguo binafsi wa kila mmoja wao, na mtahiniwa anachagua tena ufunguo wa umma wa Asha kwa mazoea, ilhali unaohitajika ni ufunguo wa umma wa Baraka, kwa sababu Baraka peke yake ndiye mwenye ufunguo binafsi wa kuufungulia ujumbe huo. Aliyeelewa kwamba ufunguo binafsi hautoki mikononi mwa mwenyewe hana haja ya kukariri jibu la kwanza wala la pili.

Kwa hiyo sharti ninalowawekea wote, na wengi hulinung’unikia, ni kutoigusa benki ya maswali kwa wiki mbili za mwanzo. Katika wiki hizo mtahiniwa hufungua daftari, huyachukua maswali aliyowahi kuyakosea pamoja na yale aliyoyapata kwa kubahatisha, kwani hayo nayo ni makosa, na kwa kila swali huandika kwa maneno yake mwenyewe kwa nini kila moja ya majibu matatu yaliyobaki si sahihi. Kisha anaongeza sentensi moja ambayo ndiyo hasa ninayoitafuta: ni hali gani ingelifanya jibu hilo kuwa sahihi?

Kwa mfano, shirika hufanya hifadhi rudufu mara moja kila baada ya saa 24, na RPO yake, yaani kikomo cha data ya muda gani liko tayari kuipoteza, ni saa 4. Libadilishwe jambo gani? Mtahiniwa amechagua kununua mitambo ya kuharakisha urejeshaji wa huduma. Katika daftari anapaswa kuandika kwamba jibu hilo lingefaa kama tatizo lingekuwa RTO, yaani muda ambao huduma inaweza kukosekana, ila RPO inahusu kiasi cha data ambacho shirika liko tayari kukipoteza, na hakuna mtambo wa urejeshaji, hata uwe wa kasi namna gani, unaoweza kurudisha data ambayo haikuwahi kuhifadhiwa. Kinachotakiwa ni kufanya hifadhi rudufu mara nyingi zaidi. Swali moja la namna hii likichukua dakika 20, hazijapotea; maswali 60 yaliyopitiwa kwa muda huohuo kwenye simu ndiyo yaliyopotea.

Daftari hilo pia hufichua ugonjwa mwingine, yaani kutosoma neno linalobeba swali. “Kipi kifanyike kwanza” na “kipi ni bora zaidi” ni maswali mawili tofauti, hata kama kisa ni kilekile cha kompyuta inayoshukiwa kuvamiwa. Anayekimbilia kuizima huenda akafuta ushahidi uliokuwa kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta inayopotea umeme ukikatika, na huenda hakugundua kamwe kwamba alikosea mpangilio wa hatua na si maarifa ya uvamizi wenyewe.

Maswali mapya kabisa, ambayo hayajaguswa, yahifadhiwe kwa ajili ya wiki ya mwisho, na yafanywe kwa saa: Security+ ina maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, kwa hiyo mazoezi yasiyo na saa hayafanani na mtihani. Asilimia itakayopatikana hapo, mara moja tu, ndiyo nitakayoiamini.

“Nirudie haraka kabla sijasahau”

Kwa Security+ hakuna muda wa lazima wa kusubiri kati ya jaribio la kwanza na la pili, na siku 14 huanza kudaiwa kabla ya jaribio la tatu. Ruhusa hiyo watu huichukua kama ushauri, wakalipa ada kamili tena wiki ileile, na kurudi na matokeo yaleyale. ISC2, shirika lenye CISSP, cheti cha wataalamu wenye uzoefu, hudai siku 30 baada ya kufeli mara ya kwanza, 60 baada ya mara ya pili na 90 baada ya mara ya tatu, na majaribio hayazidi manne katika miezi 12. Wengi huziona siku hizo kuwa adhabu. Mimi naziona kuwa muda unaolitosha daftari.

“Nisome tu maeneo yaliyoonyeshwa kuwa dhaifu”

Taarifa ya matokeo ya CompTIA huorodhesha malengo, yaani mada za mtihani, ambayo mtahiniwa alikosa walau swali moja. Lengo kutokuwemo kwenye orodha hiyo hakumaanishi kwamba analijua, kwa kuwa huenda halikuulizwa sana, au aliulizwa akabahatisha. Anza na yaliyoorodheshwa, kisha pitia yote.

“Mtihani ulifungwa kwenye swali la 100, basi nilifeli vibaya”

CISSP hujirekebisha kulingana na majibu na, kuanzia swali la 100, husimama pindi mfumo unapokuwa na uhakika wa asilimia 95 juu ya matokeo, ya kufaulu au ya kufeli. Waliofaulu kwenye swali la 100 ni wengi. Kinachofaa kukumbukwa zaidi ni kwamba huwezi kurudi kwenye swali ulilokwisha kulijibu, na kwamba maswali 25 hayahesabiwi ila hayajitambulishi.

“Kuna mtu anauza maswali halisi”

Hayo ni ukiukaji wa makubaliano ambayo kila mtahiniwa huyakubali, cheti kinaweza kufutwa hata baada ya kutolewa, na majibu yanayouzwa nayo mara nyingi ni ya kukisia. Anayeuliza swali hili kwangu huwa simsaidii tena.

“Kitabu nilichonacho kinatosha”

Kinatosha ikiwa ni cha toleo linalotahiniwa sasa. Security+ SY0-601 iliondolewa tarehe 31 Julai 2024 na mahali pake kukabaki SY0-701. CISSP nayo ilipata muhtasari mpya wa mada zinazotahiniwa tarehe 15 Aprili 2024, na siku hiyohiyo mtihani ukatoka kwenye maswali 125 hadi 175 kwa saa 4 ukawa maswali 100 hadi 150 kwa saa 3. Msimbo wa toleo huandikwa kwenye jalada, na tarehe ya muhtasari hupatikana kwenye tovuti ya wenye mtihani. Vilinganishwe viwili hivyo kabla ya kulipia jaribio la pili.