Gia isiyoachia ni nini, na mtu wa miaka hamsini anaitakia nini?

Ukiacha kukanyaga baiskeli ya kawaida, nyuma yako utasikia mlio mwembamba: tik-tik-tik. Hiyo ni friwili, kifaa kinacholiacha gurudumu liendelee kuzunguka huku pedali zimetulia. Gia isiyoachia haina kifaa hicho. Sproketi ya nyuma, yaani gurudumu dogo la meno linalovutwa na mnyororo, imekazwa kwenye habu yenyewe, kitovu cha gurudumu, kisha ikazuiwa kwa nati inayofungwa kwa kuzungushwa kinyume, ili isifunguke unapoisukuma miguu kurudi nyuma. Gurudumu likienda, pedali zinakwenda, na miguu yako imo.

Wengi huichanganya na baiskeli ya gia moja. Hiyo inaweza kuwa na friwili, ukateremka mlima umekaa kama abiria. Hii haikupi nafasi hiyo.

Si mtindo wa jana. Mbio za baiskeli za uwanjani hadi leo hukimbiwa kwa gia hii, tena bila breki, kwa kuwa wote wanazunguka upande mmoja na hakuna awezaye kusimama ghafla mbele ya mwenzake. Washindani wakuu wa Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, waliruhusiwa kutumia mtambo wa kuhamisha mnyororo mwaka 1937. Kabla ya hapo, mtu akifika chini ya mlima alishuka, akachomoa gurudumu la nyuma na kuligeuza ili atumie sproketi ya upande wa pili.

Sasa turudi kwa mtu wa makamo, na swali lake la kwanza: magoti. Goti huumizwa na mambo mawili, gia nzito unapopanda na kuzuia mwendo kwa miguu unapoteremka. Yote mawili yana dawa, na dawa ya kwanza ni hesabu ya meno. Mbele 44, nyuma 17, gurudumu lenye mzingo wa mita 2.1: kila mzunguko wa pedali unakusogeza mita 5.4 hivi. Gia ya mashindano ya 49 kwa 15 inakaribia mita 7. Waachie wenye mapaja yao. Lakini wepesi nao una bei. Kwa 5.4, mwendo wa kilomita 30 kwa saa unadai mizunguko 92 kwa dakika, na ukiiacha baiskeli ifike 45 mteremkoni, miguu itatakiwa kuzunguka karibu mara 140. Hapo ndipo mtu anaporuka kwenye kiti kama punje ya bisi.

Dawa ya pili ni breki ya mbele. Weka. Wanaojisifu kuendesha barabarani bila breki, wakiburuza gurudumu la nyuma kwa nguvu za miguu, wana magoti ya miaka ishirini, na hata hayo wanayakopa.

Kigumu zaidi ni mazoea. Mwili uliozoea kuachia kwa miaka arobaini utaachia tu: unafika kwenye kona au tuta, mguu unasimama wenyewe, na pedali inakusukuma juu bila kukuomba radhi. Kwenye kona kali kumbuka pia kwamba pedali ya ndani bado inashuka, inaweza kugonga lami. Hata kuondoka kuna ufundi wake, maana huwezi kurudisha pedali nyuma kwa ncha ya kiatu; unainua gurudumu la nyuma kwanza, ndipo uiweke unapotaka.

Na usifute mnyororo huku gurudumu linazunguka. Kidole kikiingia kati ya mnyororo na sproketi, hakuna friwili ya kukiokoa.

Ukinunua, tafuta habu ya pande mbili: huku gia isiyoachia, huku friwili. Goti likinung'unika, unalegeza nati mbili kwa spana namba 15, unageuza gurudumu, unakaza mnyororo upya, na ile tik-tik-tik inarudi.