Sanamu za Ugiriki hazikuwa nyeupe

"Ona weupe huo, watu wa kale hawakupenda mapambo," mume wangu alininong'oneza ndani ya Makumbusho ya Akropolis, Athens. Wengi huamini hivyo, lakini sanamu zile zilipakwa rangi. Mvua, jua na udongo vimezichujua, na mikono ya watu pia: mwaka 1937 na 1938 wafanyakazi wa British Museum, London, walikwangua baadhi ya zile za Parthenon, hekalu la kale la Athens, kwa vyuma ili zing'ae. Weupe wa kutengenezwa!

Nikamvuta hadi kwa Kore wa Peplos, msichana wa marumaru aliyefukuliwa 1886. Ukisogea unaona wekundu kwenye nywele na midomo. Hata vazi lake lilitiwa nakshi, kama pindo la kanga.

"Kumbe alijiremba," akasema.