Kabla ya taya: samaki walivyoanza kung'ata

Nikiwaambia watu kazi yangu ni visukuku vya samaki, swali linalokuja karibu kila mara ni kama papa ndo samaki wa kwanza kabisa. Hapana. Papa alichelewa sana kuja, na kabla yake kuna muda mrefu mno ambao samaki walikuwepo ila hawakuwa na taya. Mdomo walikuwa nao, lakini ni tundu tu la kuvuta maji na chakula kidogokidogo, kung'ata hakuna.

Tuanzie Chengjiang, mkoa wa Yunnan, China. Mawe ya pale yana kama miaka milioni 518, ni tope laini sana ambalo lilifunika viumbe haraka mpaka hata wale wasio na mfupa alama zao zimebaki, na humo ndo anapatikana Haikouichthys, samaki wa sentimita 2 na nusu hivi, mwembamba, ana kichwa, ana macho, ana matamvua, na misuli ya ubavuni imejipanga vipandevipande kwa zigizaga, inakumbusha unavyoiona kwenye samaki wa leo ukimchuna ngozi. Magamba hana, mfupa hana, taya hana.

Baadaye wakaja waliovaa ngao za mfupa kichwani, kama Sacabambaspis wa Bolivia, macho yake yamekaa mbele kabisa karibukaribu utadhani taa za gari. Nao hawakuwa na taya. Samaki wasio na taya hawajaisha wote, lampri, samaki warefu kama mkunga, bado wapo na mdomo wao wa duara wa kunyonya.

Sasa taya ilitoka wapi? Hapa ndo penye utamu. Ukiweka kiinitete cha papa chini ya hadubini, kwenye koo unaona vijituta vimepangana, kimoja nyuma ya kingine. Cha kwanza kinakuwa taya, vya nyuma vinakuwa matao ya kushikilia matamvua. Kiinitete cha binadamu kina vijituta hivyohivyo, ila vya nyuma kwetu vinaishia kutengeneza sehemu za koo na zoloto. Mimi niko upande wa wanaosema taya ilianza kama pampu, yaani samaki anayeweza kufunga mdomo kwa nguvu anasukuma maji mengi zaidi kwenye matamvua, anapata oksijeni zaidi, alafu siku nyingine mdomo huohuo unaoweza kujifunga unakamata kitu kinachopita. Kula kulikuja juu ya kupumua.

Kwa muda mrefu shida yetu ilikuwa ushahidi, mwanzo wa taya ulikuwa kama kitabu kilichonyofolewa kurasa. Mwaka 2022 zikatangazwa kurasa kadhaa kwa mpigo kutoka kusini mwa China: meno ya miaka milioni 439, na samaki wazima wenye taya wa miaka milioni 436, wengine wana sentimita 3 tu. Ukihesabu kutoka Haikouichthys ni karibu miaka milioni 80 ya samaki wasiong'ata!

Ila kisukuku ambacho mimi kilinibadilisha kabisa ni Entelognathus, aliyetangazwa 2013 na timu ya Zhu Min, mtaalamu wa visukuku wa China, ana miaka kama milioni 419. Mwili wake ni wa plakodemi, wale samaki wa mabamba mazito, lakini ukifika usoni unakuta mifupa ya taya imepangwa kama ya samaki wenye mfupa wa leo, na kama yetu. Kabla ya hapo tulifundishwa kwamba babu wa samaki wote wenye taya alifanana na papa, gegedu tupu, mfupa wa usoni ukaja baadaye. Kumbe mfupa ulitangulia, papa ndo waliupoteza. Nilisoma ile ripoti mara mbili usiku uleule.

Plakodemi maarufu zaidi ni Dunkleosteus, wa karibu miaka milioni 360, anapatikana sana maeneo ya Cleveland, Marekani. Meno hakuwa nayo, alikuwa na makali ya mfupa yanayosuguana kila akifunga mdomo, ya juu yanayanoa ya chini na ya chini yanayanoa ya juu, kama mkasi unaojinoa wenyewe. Zamani alitajwa kuwa na mita 8 au zaidi, hesabu mpya ya 2023 imemshusha mpaka kama mita 4, na sababu ni kwamba kilichobaki kwenye mwamba ni kichwa na ngao ya kifua, huko nyuma kulikuwa na gegedu na gegedu huoza. Kama miaka milioni 359 iliyopita plakodemi wote walitoweka, kubwa na dogo.

Taya yenyewe ikaendelea. Kwenye samaki kuna mifupa miwili inayokutana kufanya bawaba ya taya, na mwingine unaoishikilia taya kwenye fuvu. Kwenye ukoo wetu wa mamalia ile mifupa ikapungua ukubwa na kusogea nyuma, taratibu sana, na leo iko ndani ya sikio lako: nyundo na fuawe ndo ile bawaba, na kikuku ndo ule mshikizi. Kuna mnyama mdogo wa miaka kama milioni 205 anaitwa Morganucodon, huyu ana bawaba mbili kwa pamoja, ya zamani na mpya ziko bega kwa bega, na ile mifupa ya zamani bado imeshikana na taya huku inapeleka sauti sikioni.