Kenya si shirikisho

Kampeni ziwepo zisiwepo, vijiwe vya Mwanza kuanzia Makoroboi hadi mwaloni Kirumba havikosi mtu wa kusema: "Tupewe shirikisho kama Kenya, Kanda ya Ziwa ijiendeshe." Hoja yenyewe inaweza kuwa na mashiko. Ila Kenya si shirikisho.

Shirikisho ni nchi ambayo katiba yake imegawa mamlaka kati ya serikali kuu na serikali za majimbo, kila upande ukatawala katika fungu lake bila kuomba ruhusa kwa mwenzake. Marekani, Nigeria na Ethiopia ni mifano. Basi.

Wengi hudhani ukishaona orodha ya nani afanye nini, hilo ni shirikisho. Orodha Kenya wanayo, katika Nyongeza ya Nne ya Katiba ya 2010. Wana kaunti 47, magavana wa kuchaguliwa, na fungu la kaunti lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Lakini Kisumu haina katiba yake, haina mahakama yake kuu, na polisi wake ni wa taifa. Jimbo la Marekani lina katiba, mahakama, polisi, hata sheria zake za jinai, ndiyo maana adhabu ya kifo ipo Texas na Michigan haipo. Kule majimbo ya mwanzo yalitangulia, ndiyo yakaunda taifa, na Marekebisho ya Kumi ya katiba yao, ya mwaka 1791, yakaweka wazi kwamba ambacho taifa halikukabidhiwa kimebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Kenya mamlaka yalishuka kutoka juu. Huo ni ugatuzi, na wa nguvu, kwa sababu muundo wake haubadilishwi bila kura ya maoni. (Majimbo waliwahi kuwa nayo, 1963. Hayakudumu, mwaka uliofuata yalifutwa.)

Sisi hatuna hata hilo. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 145 na 146, inataja serikali za mitaa na kusema lengo ni kupeleka madaraka kwa wananchi, kisha mengi inaliachia Bunge. Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela zinafanya yale ambayo sheria ya Bunge imeziruhusu. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa kabisa, na mpango huo ukaitwa Madaraka Mikoani, ingawa madaraka yenyewe walipewa watumishi wa serikali kuu. Zilirudi 1984. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani kapewa nini, uliza nani anaweza kukichukua, na kwa utaratibu gani.

Kilicho karibu zaidi na shirikisho hapa nchini kiko Zanzibar, yenye katiba yake, Rais wake na Baraza la Wawakilishi, na mambo ya Muungano yameorodheshwa. Hata hapo wanasheria hawajakubaliana jina.

Na neno jimbo lisikuchanganye: jimbo la Nyamagana, hapa Mwanza, ni la kumpata mbunge tu, halina serikali.

Anayetaka Mkuu wa Mkoa apigiwe kura badala ya kuteuliwa na Rais, na mkoa uwe na fungu la fedha lililoandikwa ndani ya katiba, anadai ugatuzi. Aseme ugatuzi. Akisema shirikisho, anadai pia katiba ya Mwanza na Mahakama Kuu ya Mwanza isiyo ya Jamhuri, na sidhani kama ndicho anachokusudia.