Amon Düül zilikuwa bendi mbili

Wapenzi wengi wa roki ya zamani husema Amon Düül II ni Amon Düül ileile iliyokomaa na kuongeza namba. Sivyo.

Amon Düül ilianza mwaka 1967 mjini München, Ujerumani, kama jumuiya ya vijana walioishi nyumba moja. Mlango wa muziki ulikuwa wazi: aliyeijua ala alipiga, asiyeijua naye alipewa kitu cha kugonga. Hakuna aliyesomewa nota wala kupangiwa zamu. Kwangu hapo ndipo penye utamu wake, ingawa masikio mengine huchoka baada ya dakika tano.

Mwaka 1968 kundi liligawanyika. Waliotaka kufanya mazoezi na kupiga kwa ustadi zaidi, akina Chris Karrer na mwimbaji Renate Knaup, wakaunda Amon Düül II. Waliobaki wakaendelea na utaratibu wao wa kila mtu na apige. Mwaka 1969 kila upande ulitoa santuri yake ya kwanza, kwa hiyo bendi hizi zilikuwa hai kwa wakati mmoja.

Mkanganyiko ulizidishwa na biashara. Kanda za kikao kirefu kimoja cha Amon Düül ya kwanza zilikatwakatwa zikatolewa kama albamu kadhaa, mojawapo ikitoka 1972. Msikilizaji aliyeiona dukani kando ya zile za Amon Düül II angewezaje kujua kwamba anasikia upigaji wa miaka kadhaa nyuma, wa watu wengine?