Sensa ya mwendo haioni mtu: yanayosemwa na yalivyo

Sensa inayozungumziwa hapa si ile ya kuhesabu watu. Ni kile kijisanduku cheupe kinachobandikwa ukutani karibu na dari ili taa ijiwashe ukipita, au king'ora kilie mgeni asiyealikwa akiingia. Za siku hizi hazivutiwi waya: betri iko ndani, ujumbe unakwenda kwa redio. Kuanzia Milimani ya Kisumu hadi Section 58 kule Nakuru, lawama ni zile zile mbili: inalia bila mtu, au mtu amepita na haikulia. Mara nyingi kifaa chenyewe ni kizima, ila aliyekifunga alidhani kinafanya kazi kama jicho.

"Inaona kitu chochote kinachosogea"

Haioni kitu. Sensa ya kawaida, ile mafundi wanaiita PIR, haitoi mwale wowote. Inapokea joto tu. Mwili wa mtu hutoa mionzi ya infraredi mchana na usiku, na ndani ya sensa kuna kipande kidogo cha kuhisi mionzi hiyo, kilichogawanywa nusu mbili. Ile plastiki nyeupe ya mbele yenye vyumba kama sega la asali ni lenzi, si pambo. Inakikata chumba chako kanda kanda kama shamba lenye matuta. Ukikatiza kutoka ukanda mmoja hadi mwingine, joto lako huangukia nusu ya kwanza, halafu ya pili, na tofauti hiyo ndiyo inayoiamsha. Joto likipanda kwenye nusu zote mbili kwa pamoja, zinafutana na sensa inanyamaza.

Ukishaelewa hilo, mengine mengi yanajieleza. Pazia lenye joto sawa na la ukuta linaweza kupepea usiku kucha na sensa isijali. Pazia hilo hilo likiwa limechomwa na jua la saa tisa, upepo mmoja tu unatosha kukuletea ujumbe kazini kwamba nyumbani kuna mtu.

Mtu anayeijia sensa moja kwa moja hubaki ndani ya ukanda ule ule kwa muda mrefu, kwa hiyo hugunduliwa akiwa amekaribia sana. Anayekatiza mbele yake hunaswa mapema. Ndiyo maana kuifunga ukutani mkabala na mlango, mahali ambapo karibu kila fundi huipeleka, ni pabaya. Iweke kwenye pembe ya chumba, mita 2.1 hadi 2.4 kutoka sakafuni, ili anayeingia mlangoni alazimike kupita mbele yake kwa ubavu. Kwenye korido ndefu usiielekeze kwa urefu. Ibandike ubavuni, karibu na mlango wa kwanza.

Kioo nacho huizuia. Sensa ya ndani iliyoelekezwa dirishani haitamwona mtu aliye nje, hata akisimama akakupungia mkono. Anayeitaka ilinde ua akiwa ameiweka nyuma ya dirisha amepoteza pesa. Lakini mwanga wa jua hupita kiooni na kupasha sakafu, na wingu likilifunika jua na kulifunua, kipande hicho cha sakafu kinabadilika joto haraka. Kwa hiyo dirisha lisiwe mbele ya sensa hata kama haioni nje.

"Taa ya chooni inazima nikiwa ndani, sensa ni mbovu"

Si mbovu. Umekaa kimya, na joto lililotulia halihesabiwi. Ongeza muda wa taa kubaki ikiwaka hadi dakika 10 au 15. Ukitaka kifaa kinachojua mtu yupo hata kama anasoma gazeti, nunua sensa ya rada, za gigahetsi 24 au 60, ambazo hunasa hata kifua kinachopanda na kushuka kwa kupumua. Hizo hula umeme zaidi, kwa hiyo nyingi huhitaji adapta ya volti 5, na hupenya mbao nyembamba na jipsamu: usishangae ikiwasha taa kwa sababu ya mtu aliye chumba cha pili. Feni ya dari ni adui yake mkubwa.

"Ikikubali jioni, itakubali saa zote"

Hapa Kisumu inawaumiza wengi. Sensa hutegemea tofauti kati ya joto la mtu na joto la kilicho nyuma yake. Jioni, ukuta ukiwa na nyuzi 24, mtu anang'aa kama taa. Lakini kwenye nyumba ya mabati isiyo na dari, saa nane au saa tisa mchana, hewa na kuta hukaribia nyuzi 33 au 34, sawa na ngozi yako. Tofauti inapotea, na sensa iliyoandikwa mita 10 kwenye karatasi yake inaweza kukugundua ukiwa mita 4 tu. Sensa nzuri zaidi hupima joto la chumba na kujiongezea wepesi, lakini hata hizo haziumbi tofauti isiyokuwepo.

Nakuru, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, mambo hugeuka: alfajiri baridi huifanya ifike mbali kuliko ulivyokusudia, na paka wa jirani anayepita kwenye kibaraza anakuwa habari.

Kwa hiyo ijaribu saa ya joto kali, kisha alfajiri. Ibandike kwanza kwa gundi ya pande mbili au selotepu ngumu, ikae siku saba kabla ya kutoboa ukuta.

"Nimepita mara tatu ikasema mara moja, imekufa"

Kwanza soma karatasi yake. Sensa nyingi za betri, hasa za Zigbee (aina ya redio ya vifaa vya nyumbani), zikishatoa taarifa hulala kwa sekunde 60 au zaidi ili kuokoa betri. Ukipita tena ndani ya dakika hiyo, hazisemi neno. Jaribio la haki ni hili: toka chumbani, funga mlango, subiri dakika mbili kamili, ingia kwa mwendo wa kawaida, angalia ni hatua ya ngapi inamulika. Toka tena. Rudia kwa umbali wa mita 2, 4, 6 na 8, kisha chora kwenye karatasi ilipokamata na ilipokosa. Kazi ni ya nusu saa na inachosha, lakini fundi asiyeifanya amebandika pambo. Baadhi ya sensa zina hali ya majaribio inayoondoa usingizi huo kwa muda. Kitufe chake mara nyingi kiko ndani ya mfuniko.

"Inalia usiku bila mtu, basi kuna kitu kimerogwa"

Fungua mfuniko uone aliyeloga. Mdudu mdogo akitembea juu ya lenzi yenyewe anafunika kanda kadhaa kwa hatua moja, na kwa sensa huyo ni sawa na jitu lililokatiza chumba. Kisumu vijidudu vya ziwa huja kama moshi na kufuata mwanga. Taa ikiwa karibu na sensa, vijidudu huja, mjusi huvifuata, buibui hutandika utando, na king'ora kinalia saa nane usiku.

Utaratibu wake: usiweke sensa chini ya mita moja kutoka kwenye taa. Ziba tundu la nyuma la waya na mwanya ulio kati ya kifaa na ukuta kwa silikoni, ila usiiguse lenzi. Kila mwezi pangusa lenzi kwa kitambaa laini chenye maji tu. Usinyunyize dawa ya wadudu juu yake. Baadhi ya dawa hutia plastiki ukungu, na lenzi yenye ukungu haitakata kanda vizuri tena.

Wengine wa kushukiwa ni mgongo wa friji, jiko la makaa linaloingizwa sebuleni kupasha chumba, na upepo wa moto kutoka chini ya mabati. Nje, ni majani ya mgomba yaliyopigwa jua na magari yanayopita barabarani na injini zao za moto. Sensa ya ndani isiwekwe nje hata chini ya paa. Ya nje hasa mara nyingi huwa na vihisi viwili vinavyotakiwa kukubaliana kabla ya kusema, na alama ya IP65 ya kustahimili vumbi na mvua.

Zile zilizoandikwa kwamba hazijali wanyama hadi kilo 20 au 25 huwa hazimpimi mnyama kilo. Lenzi yake imepunguziwa tu kanda za chini, au kifaa kinasubiri joto kubwa zaidi. Paka akiruka juu ya kabati, ameshaingia eneo la watu.

"Haina waya, basi iende popote"

Redio nayo ina vikwazo vyake, na nyumba za huku zinavyo vingi. Mabati hurudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Kuta mbili za mawe ya kuchonga hudhoofisha Zigbee kiasi cha kuikata. Tangi la maji likijaa hunyonya mawimbi ya gigahetsi 2.4, kuna sensa zinazoongea tangi likiwa tupu na kunyamaza likijaa, na mwenye nyumba anatafuta tatizo kwenye betri.

Dawa ni soketi janja za Zigbee za kuchomeka ukutani, kwa sababu hizo hupokea ujumbe na kuusukuma mbele. Sensa za betri hazifanyi hivyo. Weka moja kati ya habu, yaani kisanduku kikuu kinachokusanya taarifa, na kila chumba cha mbali. Habu yenyewe ikae angalau mita moja kutoka kwenye ruta, na chaneli zisigongane: Wi-Fi ikiwa chaneli 1, peleka Zigbee 20 au 25, Wi-Fi ikiwa 11, Zigbee iende 15. Amua hili kabla ya kuunganisha chochote, maana kubadilisha baadaye huenda kukalazimu kuunganisha vifaa vyote upya.

"Stima ikipotea hakuna shida, sensa ina betri"

Sensa itaamka, itapiga kelele, na hakuna atakayesikia. Hesabu mnyororo mzima: sensa, soketi janja inayosukuma ujumbe, habu, ruta, kisanduku cha faiba. Viungo vinne kati ya hivyo vitano vinategemea stima. Wengi hununua kiyuupiesi kidogo (UPS, yaani betri ya akiba) cha volti 12 kwa ruta, wakasahau kisanduku cha faiba kilicho kando yake, kwa hiyo Wi-Fi inawaka lakini intaneti hakuna.

Kiyuupiesi kilichoandikwa 8,800 mAh kwa volti 3.7 kina takriban wati-saa 32.5. Ukiondoa kinachopotea njiani, zinabaki kama 27. Ruta ya wati 7, habu ya wati 2 na kisanduku cha faiba cha wati 5 ni wati 14. Hapo una chini ya saa mbili kidogo. Kama stima ya eneo lako hukatika kwa saa sita, kama inavyoweza kutokea msimu wa radi kuzunguka ziwa, unahitaji betri kubwa zaidi, au king'ora chenye betri yake ambacho habu inakiamuru bila kupitia intaneti. Kabla ya kununua habu uliza swali moja: intaneti ikikatika, sensa bado itawasha king'ora? Kisha ijaribu kwa kuchomoa waya wa faiba.

Paneli za king'ora zinazotuma taarifa kwa laini ya simu nazo hufaa, mradi laini ina salio na inatumiwa mara kwa mara. Laini iliyokaa kimya muda mrefu hufungwa.

"Betri bado asilimia 100"

Betri ya kitufe, CR2450 au CR2032, hushikilia volti karibu zile zile hadi mwisho, kisha huporomoka. Asilimia kwenye simu hukadiriwa kutokana na volti, kwa hiyo inaweza kusoma 100 wiki moja kabla ya kuzima. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani wa mfuniko na uibadilishe kila baada ya mwaka. Ya koridoni, ambako watu hawaishi kupita, huisha mapema. Usitie LIR2450 ya kuchaji: ikijaa hufika volti 4.2 ndani ya kifaa kilichoundwa kwa 3.

"Sensa ya mwendo inatosha kwa ulinzi"

Ikilia, mtu tayari yuko ndani. Anza na sensa za sumaku milangoni. Milango yetu mingi ni ya chuma, na chuma hunyonya nguvu ya sumaku: iliyoahidi mwanya wa milimita 20 huenda ikashindwa kwa 8. Weka kipande cha plastiki au mbao cha milimita 5 hadi 10 chini ya sumaku, au tafuta zile kubwa za mageti.

Angalia pia lugha ya kifaa. Sensa nyingi za bei rahisi za megahetsi 433 hutuma msimbo mmoja usiobadilika na hazisubiri jibu. Ujumbe ukipotea hazijui, na anayeunasa anaweza kuurudia. Kwa kuwasha taa ya kibaraza zinafaa kabisa. Kwa king'ora, chukua zinazojibizana na kituo na kutuma salamu za mara kwa mara, ili iking'olewa ukutani au betri ikifa upate habari.

"Ya kuletwa kutoka Marekani ndiyo imara zaidi"

Z-Wave, aina nyingine ya redio ya vifaa vya nyumbani, ile ya Marekani hutumia megahetsi 908.4 na 916. Ya kwanza huangukia ndani ya masafa ambayo huku simu hutumia kuwasiliana na minara, 880 hadi 915. Haitaelewana na habu ya masafa ya Ulaya ya 868, na hakuna programu ya kuirekebisha. Zigbee ya gigahetsi 2.4 haina tatizo hilo popote duniani, lakini soketi zake za Marekani zimeundwa kwa volti 120. Huku ukutani kuna 240.